Hoja nimeandika mimi, atakayesimama ni mwingine. Niombeje?

Wakili_wa_Nyalenda, Kisumu

Hamjambo nyote. Nimekuwa nikisoma humu jukwaani muda mrefu bila kuandika neno. Leo naandika kwa sababu nimebakiwa na wiki tatu, na kila ninayeweza kumuuliza ana kwa ana anamjua bosi wangu.

Niko mwaka wa tatu tangu niapishwe kuwa wakili. Ofisi yetu iko hapa Kisumu, jina naliacha. Mawakili tuko sita, wanawake wawili, mimi mmoja wao. Nimesimama Winam, Maseno, Nyando, Siaya, hadi Hamisi, na nikikaa kuhesabu niliyoyasema huko kote ni sentensi moja: "Mheshimiwa, namshikia brifu wakili fulani, tunaomba tarehe nyingine." Yaani nasimama kwa niaba ya mwenye kesi, basi. Kuna karani ambaye akiniona tu nasimama, anafungua ukurasa wa tarehe kabla sijasema lolote. Hakuwa na nia mbaya. Lakini siku nilipoligundua hilo nilipanda matatu ya kurudi mjini machozi yakinilenga. Sauti yangu kortini inajulikana kwa kuomba tarehe.

Sasa kesi yenyewe. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili mwenyewe asitambulike. Ni mama mjane wa upande wa Vihiga. Mumewe alipofariki, shemeji zake walienda kwa chifu wakatoka na barua inayomtaja mama mkwe na ndugu wa kiume peke yao. Mjane hayumo. Watoto wake wanne hawamo. Kwa barua hiyo wakapewa usimamizi wa mirathi, shamba likakatwa vipande vitatu, na yeye alijua siku mpima ardhi alipopita katikati ya mahindi yake. Mahakama Kuu ilikataa kuufuta usimamizi huo, ikasema mama alichelewa kulalamika. Tukaomba ruhusa ya kukata rufaa, tukaipata, na sasa rufaa itasikilizwa na majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa hapa Kisumu.

Mimi ndiye niliyepanda pikipiki kutoka Mbale, hiyo ya Vihiga, kwenda kwake mara nne. Mimi ndiye niliyeketi naye kwenye benchi la ofisi ya ardhi tukisubiri faili ambalo kila wiki lilikuwa "limeenda kwa mkubwa". Kumbukumbu za rufaa, yaani yote yaliyoandikwa kesi ilipokuwa Mahakama Kuu, nimezisoma zote, na kwenye ukurasa wa 212 nikakuta shemeji mkubwa, alipobanwa kwa maswali, akikubali kwamba siku anaenda kwa chifu alijua fika mjane na watoto wanaishi kwenye shamba hilo. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Urithi kinamtaka mwombaji awataje wake na watoto wote wa marehemu. Kifungu cha 76 kinasema usimamizi uliopatikana kwa kuificha korti jambo la maana unaweza kufutwa wakati wowote. "Wakati wowote" ni maneno ya sheria yenyewe, na ndiyo yanayoijibu ile hoja ya kuchelewa. Nilipoona hivyo vitu viwili vinakutana ilikuwa saa nane usiku ofisini, na nilisimama nikazunguka meza peke yangu.

Niliandika mawasilisho yote, yaani hoja zetu za maandishi kwa majaji. Bosi aliyasoma, akarekebisha aya mbili, akatia sahihi, akasema, "Kazi safi sana hii." Kisha Jumatatu kwenye kikao cha ofisi akatangaza kwamba kortini ataenda na kijana mmoja wetu, aliyeapishwa mwaka mmoja baada yangu. Mimi nipange faili na vitabu, nikae nyuma.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kikao hicho. Kila kikao ni mimi. Na anayeandika hasemi, kwa sababu mkono ukisimama maneno ya wengine yanapotea. Niliiandika hiyo sentensi ya kunikalisha nyuma kwa mwandiko wangu mwenyewe. Bosi akaniangalia akauliza kama kuna neno. Nikasema, "Sawa, mkubwa." Na nikatabasamu.

Tabasamu hilo ndilo linaloninyima usingizi. Bosi si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kuandika hati ya kiapo isiyo na neno la ziada, na mama yangu alipolazwa alinipa wiki nzima bila kunikata mshahara. Angekuwa mkatili ningejua la kufanya.

Maswali yangu ni mawili. Naombaje nafasi hii bila kuonekana sina shukrani? La pili ndilo linaloniogopesha zaidi: nikipewa kisha sauti ikanitoka, si mimi nitakayepoteza shamba. Ni yule mama.

---

Kijana_wa_Bungoma

Dada, pole. Ila nitasema ninavyoona. Hili naona ni suala la ukubwa kazini kuliko la mwanamume na mwanamke. Mimi ni mwanamume na miaka yangu miwili ya kwanza nilikuwa naomba tarehe vilevile, Bungoma, Webuye, Kimilili. Mahakama ya Rufaa si mahali pa kujifunzia. Vumilia, zamu yako itafika.

---

Mama_Wakili_Nakuru

Kijana wa Bungoma, umesema kwa heshima nami nakujibu kwa heshima. Rudi usome tena. Aliyechaguliwa kwenda mbele ameapishwa baada yake. Kama ni ukubwa, ukubwa ni wake. Na hiyo zamu unayosema itafika, hebu hesabu nami. Raychelle Omamo aliongoza Chama cha Mawakili cha Kenya kuanzia 2001, mwanamke wa kwanza. Wa pili, Faith Odhiambo, alichaguliwa 2024. Katikati hapo wamepita wanaume tisa, mmoja baada ya mwingine, na katika miaka hiyo yote vyuo vilikuwa vinatoa mawakili wanawake kila mwaka. Nilifurahi sana Mei 2021 Martha Koome alipoapishwa kuwa Jaji Mkuu. Nilikuwa ofisini hapa Nakuru na nilifunga mlango nikalia. Lakini furaha ile haikubadilisha mgao wa kazi kwenye ofisi za mawakili. Huko bado mwanamke anapewa faili la kuandika na mwanamume anapewa kipaza sauti.

Sasa wewe, mdogo wangu wa Nyalenda. Mimi niko kwenye kazi hii tangu 1998, na nitakuambia lililonipata, ambalo sijawahi kuliandika mahali.

Miaka yangu tisa ya kwanza niliitumia nikisubiri mtu aniambie "sasa simama." Nilikuwa nikiandika hoja za rufaa usiku na mchana, nilikuwa hodari, nakiri, na ofisi nzima ilijua. Katiba ya 2010 ilipokuja, nikasoma kwamba mtu akiwa na miaka 10 ya kazi ya sheria anaweza kuomba kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Nikasema ni mimi huyo. Nikakaa chini kuorodhesha kesi nilizotetea. Nikatoa hukumu moja baada ya nyingine kwenye kabati. Humo ndani mlikuwa na sentensi zangu, nyingine majaji walizinukuu neno kwa neno. Na kila mahali palipoandikwa nani alimwakilisha nani, jina langu halikuwepo. Nilipata kesi nne. Miaka kumi na mbili, kesi nne. Sikutuma ombi.

Kwa hiyo usisubiri. Lakini pia usiombe "nafasi". Nafasi ni neno kubwa lisilo na mipaka, na mkubwa akiulizwa jambo lisilo na mipaka anajibu "tutaona." Omba kitu kinachoshikika. Unazo sababu ngapi za rufaa? Chukua ile ya kuficha jambo la maana, kifungu cha 76 na ukurasa wako wa 212, tuseme ndiyo ya tatu. Iandike kwenye karatasi moja, upande mmoja. Nenda ofisini kwake jioni wageni wakishaondoka, usiende kwenye kikao, maana mbele ya watu atalinda uamuzi aliokwisha kuutangaza. Mwambie hivi: "Mkubwa, naomba nisimamie sababu ya tatu. Nitatumia dakika saba. Wewe utafungua na utafunga. Kurasa nitakazowaelekeza majaji ni hizi." Kisha nyamaza.

Huko kunyamaza ndiko kugumu. Sisi tukishaomba tunaanza kujitetea: najua niko mdogo, najua una mipango yako, kama haiwezekani si neno. Tunamkabidhi sababu za kukataa kabla hajazitafuta. Sema, kisha funga mdomo, hata ukisikia saa ya ukutani.

Ule woga wako wa pili nauheshimu kuliko wa kwanza, kwa sababu ni woga wa wakili aliye na moyo. Lakini fikiria jinsi Mahakama ya Rufaa inavyofanya kazi. Mawasilisho yako ya maandishi tayari yako mbele ya majaji. Siku ya kusikilizwa mnayafafanua tu kwa ufupi. Shamba la mama halining'inii kwenye koo lako, linategemea karatasi ulizoandika, na hizo ulishazishinda saa nane za usiku. Tena mkubwa wako atakuwa ameketi kando yako. Ukikwama atainuka.

Siku yenyewe, jaji akikukatiza kwa swali, jibu kwanza ndiyo au hapana, kisha taja ukurasa. Na ukitaja ukurasa, ngoja wafungue. Wote watatu. Karatasi zikipigapiga hapo mbele utahisi kama dunia imesimama, nawe utataka kuijaza kwa maneno. Usiijaze. Ngoja mpaka jaji wa mwisho ainue macho. Hiyo niliifunzwa na wakili mmoja wa kike wa hapa Nakuru ambaye sasa ni marehemu, na ndiyo iliyonifaa kuliko darasa lolote. Kama mtasikilizwa kwa video, usiwe nyumbani. Kaa ofisini penye mtandao wa uhakika, na kompyuta uiinue iwe sawa na macho yako ili usionekane unainama.

Na kumbukumbu za vikao, ziache. Wiki hii hii. Sema, "Mwezi huu nimeandika, mwezi ujao aandike mwingine, tupokezane." Ni jambo dogo na ndiyo maana linawezekana.

Nimalizie la moyoni. Mwaka 1987 nilikuwa shule ya msingi, na redio nchi nzima ilikuwa na habari moja: kesi ya maziko ya S.M. Otieno. Wambui Otieno, mjane, alitaka kumzika mumewe Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukamtaka Nyalgunga, Siaya. Wambui alipanda kizimbani akasema aliyokuwa nayo, mbele ya umati uliojaa hadi barabarani. Alishindwa, mumewe akazikwa Nyalgunga. Mawakili wakuu walikuwa Khaminwa upande wake na Kwach upande wa ukoo, na kila jioni watu wazima walibishana ni yupi kati yao aliyesema vizuri zaidi. Nilimuuliza baba kama kuna mwanamke anaweza kufanya kazi ile ya Khaminwa. Baba alifikiri, akasema, "Sijaona." Hakusema haiwezekani. Wewe unaenda kumsemea mjane, kwenye mji ulio karibu kabisa na Siaya hiyo. Nataka uonekane.

---

Karani_Mstaafu_Kakamega

Binti yangu, nimefanya kazi kortini miaka thelathini na moja, nimestaafu. Naongeza dogo tu ambalo mawakili hawalifikirii, kwa sababu wao wanatazama jaji na mimi nilikuwa nikitazama kalamu.

Kesi ikiitwa, kitu cha kwanza kuandikwa ni koramu: jaji nani, karani nani, nani yuko kwa mrufani, nani yuko kwa upande wa pili. Kisichoingia hapo hakikutokea. Nimeona mawakili wa kike wengi wanakuja na mkubwa wao, mkubwa anasema jina lake peke yake, anaketi. Yule binti aliyebeba mafaili manne haandikwi. Hukumu ikija kusomwa, hayupo. Hata kama mkubwa wako atakataa usiseme, mwombe akutaje: "pamoja na Bi. fulani." Ni maneno manne. Hakuna mkubwa atakayekosa pumzi ya maneno manne.

Na nikiri kosa langu. Zamani, kabla ya Katiba mpya, alikuja wakili wa kike nisiyemjua akaketi kwenye viti vya mawakili. Nilimwendea nikamwambia walalamishi wakae nyuma. Hakunikaripia. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Mimi ni wakili wa mshtakiwa wa pili, tafadhali niandike," akanitajia jina lake herufi kwa herufi. Nikaliandika mkono ukitetemeka. Tangu hapo nilikuwa nikiuliza kwanza. Lile jina silisahau hadi leo.

---

Mama_Kadogo_Busia

Mimi si wakili, nimeelekezwa hapa na mwanangu. Nilikuwa na kesi ya shamba. Aliyekuja nyumbani, akanywa chai yangu, akayaona makaburi na mipaka ya miti, alikuwa wakili msichana. Siku ya kesi akasimama mzee wa ofisi yao. Alimwita marehemu mume wangu kwa jina la ndugu yake. Yule msichana akawa anampa vikaratasi kutoka nyuma. Kimoja kilianguka chini, nikakiona, kimeandikwa "SI HUYO." Moyo wangu ulipasuka. Sikujua kama mteja ana ruhusa ya kusema namtaka huyu asimame. Je, anayo? Kama anayo, mwambie huyo mama wa Vihiga.

---

Mama_Wakili_Nakuru

Mama wa Busia, ruhusa unayo. Wakili ni wa mteja. Mteja anaweza kusema anataka nani amsemee, na ofisi inayojiheshimu itasikiliza. Lakini wewe wa Nyalenda, usimtume mama wa Vihiga akuombee. Usimtwike mzigo huo. Akisema mwenyewe bila kuulizwa, hiyo ni haki yake.

---

Wakili_wa_Nyalenda, Kisumu

Nimechelewa kurudi, mnisamehe. Nimesoma kila neno, na la Mama wa Busia nimelisoma kwa sauti mara mbili.

Nilienda Alhamisi, saa kumi na mbili kasoro. Karatasi moja, upande mmoja. Nilisema yale maneno karibu kama ulivyoyapanga, Mama Wakili, kisha nikanyamaza. Ilikuwa mbaya kama ulivyosema. Pikipiki ilipita nje, muuza samaki akaita, bosi bado anaisoma ile karatasi. Nilitaka kusema "kama haiwezekani si neno," ulimi ulikuwa tayari. Niliushika kwa meno.

Akaniuliza, "Kwa nini hukusema Jumatatu?" Nikamwambia ukweli: Jumatatu nilikuwa nikiandika. Alikaa kimya. Kisha akauliza swali la sheria, kali: kama mama alijua kuhusu usimamizi huo miaka miwili kabla ya kuja kortini, "wakati wowote" inamsaidiaje? Nikajibu ndiyo, alijua, ukurasa wa 187, na nikaeleza kwa nini kuchelewa hakuwezi kukifanya cha kweli kile kilichofichwa. Akauliza la pili. Tukaenda hivyo mpaka taa za barabarani zikawaka. Sikujua kwamba alikuwa ananijaribu hadi aliposema, "Dakika saba. Zikizidi nitakuvuta koti."

Sababu ya tatu ni yangu. Yule kijana mwenzangu bado anakuja, naye amepewa sababu ya tano, na nimefurahi kwa sababu ameisoma vizuri. Jana alinisaidia kwa kujifanya jaji mkali. Kuhusu kumbukumbu za vikao bosi hajasema kitu, na mimi sijalisema tena. Nitalisema.

Mama wa Vihiga nilimpigia simu. Sikumwomba lolote, nilimweleza tu tarehe na nani atasema nini. Akauliza, "Basi wewe utasema ile ya chifu?" Nikasema ndiyo. Akasema atakuja na watoto wote wanne, hata yule wa Eldoret ataomba ruhusa kazini.

Kijana wa Bungoma, asante kwa ujumbe ulionitumia kando. Umenisaidia kuliko unavyojua.

Mama Wakili, swali moja la mwisho. Majaji wakiwa bado wanafungua ukurasa wa 212, mikono niweke wapi?

---

Mama_Wakili_Nakuru

Juu ya faili. Mmoja kwenye ukurasa huohuo wa 212, ili wakiinua macho usihangaike kuutafuta.